Jalada, Daraja na Chama: Mwongozo kwa Watumishi Waendeshaji wa Vyuo Vikuu

Mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho. Akishachapisha, ushahidi anao mkononi, na hakuna mtu wa masijala anayeweza kuupoteza. Mtumishi mwendeshaji hana bahati hiyo. Mwandishi mwendesha ofisi, msaidizi wa kumbukumbu, afisa udahili, mhasibu, afisa ugavi, dereva, mlinzi, wote hupanda kwa mambo mawili: karatasi zilizomo kwenye majalada yao, na nafasi iliyotengewa fedha kwenye ikama ya chuo, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Karatasi ikikosekana, au jina likisahaulika wakati wa bajeti, mwaka umekwenda na hakuna wa kuurudisha.

Mwongozo huu ni wa vyuo vikuu vya umma Tanzania Bara. Pale ambapo chuo binafsi kinafuata njia nyingine, tumesema. Unamfaa mtumishi mwenyewe, na unamfaa zaidi kiongozi wa tawi la chama aliyechaguliwa jana na leo asubuhi ameshapokea malalamiko matatu mlangoni.

1. Tengeneza jalada lako la nyumbani

Ofisi ina jalada lako binafsi, la wazi na la siri, na si kazi yako kulifungua. Kwa hiyo weka lako. Nunua faili moja la kawaida, toboa karatasi, zipe namba kwa mfuatano kama wanavyofanya masijala: folio 1, folio 2, na kuendelea. Ukurasa wa mbele andika orodha. Vitu vya lazima ni hivi:

- barua ya ajira ya kwanza na fomu ya kukubali ajira;
- barua ya kuthibitishwa kazini;
- kila barua ya kupandishwa daraja, kubadilishwa kada, kuhamishwa, kukaimu na kukoma kukaimu;
- vyeti vya shule na vyuo, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha NIDA;
- ruhusa za masomo na vyeti vya kuhitimu;
- hati za mshahara, walau ya Julai na ya Juni kila mwaka, pamoja na za miezi ambayo kitu chochote kilibadilika;
- matokeo ya tathmini ya utendaji kila mwaka wa fedha;
- nakala za barua ulizoandika wewe, zikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoangusha madai mengi. Ukipeleka barua masijala, peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wenye tarehe na kurudi kwako. Barua uliyomkabidhi bosi mkononi, ukaambiwa "nimeipata, nitaifanyia kazi", haipo. Mwaka mmoja baadaye bosi amehamishwa na wewe huna pa kuanzia.

Kagua majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahawa Juma Salum, NIDA inasema Mwanahawa J. Salumu, mfuko wa pensheni una Mwanahawa Juma. Ukiwa kijana hili ni jambo dogo. Ukifika miaka 60 litazuia mafao. Lirekebishe sasa, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kulingana na ukubwa wa tofauti, kisha peleka nakala kwa mwajiri na kwa mfuko kwa pamoja. Tarehe ya kuzaliwa ni jambo lingine kabisa: uliyoiandika wakati wa ajira ya kwanza ndiyo itakayohesabiwa, na kuibadilisha uzeeni hakuna anayekubali.

2. Thibitishwa, kisha soma muundo wa kada yako

Kipindi cha majaribio katika utumishi wa umma ni miezi 12. Uthibitisho haujiandiki wenyewe. Mwezi wa 11 andika barua kupitia kwa mkuu wako wa idara, ukikumbusha tarehe uliyoripoti kazini. Asiyethibitishwa hawezi kuzungumzia kupanda daraja, na ruhusa ya masomo ya muda mrefu nayo ataisikia kwa wenzake.

Baada ya hapo omba Kurugenzi ya Rasilimali Watu nakala ya muundo wa utumishi wa kada yako. Usisome wa jirani. Muundo unataja sifa za kuingilia, majukumu ya kila daraja, miaka ya kukaa kabla ya kupanda (kwa kada nyingi ni isiyopungua mitatu), na kama kuna mtihani au cheti cha ziada kinachotakiwa. Kuna kada ambazo cheti cha kuingilia kinakupeleka hadi ngazi fulani na hapo unagota; kuendelea kunataka stashahada au shahada. Watu hugundua ukuta huo baada ya miaka tisa. Gundua wako mwaka wa kwanza.

Kwa kada zenye bodi za taaluma, muundo peke yake hautoshi. Mhasibu anahitaji mitihani ya NBAA, na wa ununuzi na ugavi anahitaji ya PSPTB pamoja na usajili ulio hai. Makatibu wana chama chao cha kitaaluma, TAPSEA, na watunza kumbukumbu wana TRAMPA. Hivi si vyama vya wafanyakazi na haviwezi kukutetea kwenye shauri la nidhamu, lakini mafunzo yao huhesabika ukiwa umeomba ruhusa na cheti kikaingia kwenye jalada.

3. PEPMIS: jaza kama mtu atakayesomwa na mgeni

Tangu mwaka wa fedha 2023/24 tathmini ya utendaji inafanywa kwenye mfumo wa PEPMIS, ambao umechukua nafasi ya OPRAS ya karatasi. Unaingia kwa akaunti yako ya ESS, mfumo wa mtandaoni wa kujihudumia mtumishi, ileile unayoombea uhamisho. Mwaka unaanza Julai 1.

Kazi ni hii. Mwanzoni mwa mwaka unaingiza majukumu yako, unayagawa katika kazi ndogo zenye kipimo na tarehe, na msimamizi anaidhinisha. Unapotekeleza unaingia tena na kuonyesha ulichofanya. Msimamizi anapitia na kutoa alama. Inasikika rahisi, ila makosa manne hujirudia kila mwaka.

La kwanza: majukumu yasiyopimika. "Kuhudumia wateja" haina mwanzo wala mwisho. Andika "Kushughulikia maombi ya nakala za matokeo ndani ya siku 5 za kazi tangu kupokelewa". Msaidizi wa kumbukumbu aandike idadi ya majalada atakayoyapitia na kuyahamishia ghala kwa robo mwaka. Dereva aandike ukaguzi wa gari wa kila wiki na daftari la safari lililojazwa.

La pili: msimamizi asiye sahihi. Umehamishwa kutoka kitivo kwenda maktaba, lakini mfumo bado unamtambua mkuu wa zamani. Kazi zako zinaenda kwake, hazijui, haziidhinishwi. Mwambie afisa rasilimali watu anayesimamia mfumo akuhamishe, na umwandikie, usimwambie tu kwenye korido.

La tatu: kuacha kila kitu mpaka Juni. Mtandao unazidiwa, msimamizi yuko safarini, na aliyefanya kazi mwaka mzima anaonekana hakufanya kitu. Weka siku moja kila mwezi, tuseme Ijumaa ya mwisho, ya kuingiza utekelezaji.

La nne ni kukubali alama usizoziafiki kwa kuogopa ugomvi. Alama ikiwa chini ya kazi iliyofanyika, omba kikao na msimamizi, mpe ushahidi, na mkishindwana andika dokezo kwa ngazi ya juu yake kabla mwaka haujafungwa. Alama ya mwaka huu itasomwa na kamati ya kupandisha vyeo ambayo haikufahamu, na mbele yake hakuna kingine cha kukusemea.

4. Kupanda daraja kunaanzia kwenye bajeti

Wengi huanza kuulizia daraja Julai. Julai ni kuchelewa. Nafasi za kupandishwa huwekwa kwenye makadirio ya ikama na bajeti ya mishahara, na maandalizi hayo huanza miezi mingi nyuma, mwongozo wa bajeti unapotoka kuelekea mwisho wa mwaka. Jina lisiloingia kwenye makadirio halina fedha, na bila fedha hakuna kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi, hata kamati ya chuo ikikupenda namna gani.

Kwa hiyo kalenda yako iwe hivi. Septemba, hesabu: tarehe ya daraja ulilonalo, miaka inayotakiwa, tathmini zilizokamilika. Oktoba, andika barua ya kukumbusha kwamba utakuwa na sifa katika mwaka wa fedha ujao, ukiomba jina lako liingizwe kwenye ikama. Kati ya Novemba na Januari, kiongozi wa tawi aombe kuona orodha ya wanaopendekezwa kwa kila kada. Hapa tawi lina kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Orodha ikishapita, chama kinabaki kulalamika. Ikiwa bado mezani, kinaweza kusahihisha. Linganisha orodha hiyo na tange, ile orodha ya watumishi kwa ukubwa wa vyeo na tarehe zake. Aliyeajiriwa pamoja nawe, kada moja, sifa zilezile, yupo na wewe haupo? Hilo ndilo swali la kuuliza, kwa maandishi.

Barua isiwe ndefu. Mfano:

*Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu.*
*YAH: KUINGIZWA KWENYE MAKADIRIO YA IKAMA KWA AJILI YA KUPANDISHWA KUWA MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU DARAJA LA I*
*Nilipandishwa kuwa Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II kuanzia tarehe… kwa barua Kumb. Na. … Ifikapo Julai 1 nitakuwa nimetumikia daraja hilo kwa miaka… Nimekamilisha tathmini za utendaji za miaka… (nakala zimeambatishwa). Kwa mujibu wa muundo wa utumishi wa kada yangu, nitakuwa nimetimiza sifa. Naomba jina langu liingizwe kwenye makadirio ya mwaka wa fedha ujao.*

Mambo ya watoto kufukuzwa shule na kupanda kwa bei ya unga hayasaidii hapa. Anayesoma anatafuta tarehe na namba ya kumbukumbu.

5. Masomo na kubadili kada

Hapa ndipo watumishi waendeshaji huumia zaidi, kwa sababu wanafanya kazi ndani ya chuo. Darasa liko hatua mia mbili kutoka ofisini, jioni kuna programu, wanajiunga kimyakimya. Baada ya miaka mitatu wanaleta shahada ya rasilimali watu na kuomba kuwa maafisa. Jibu linarudi: hukuwa kwenye mpango wa mafunzo, hukuwa na ruhusa, na nafasi haipo.

Mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Kwanza angalia chuo kina upungufu wa kada gani, ikama inaonyesha. Kama maafisa utawala wamejaa na watunza kumbukumbu wa ngazi ya shahada hawapo, shahada ya kumbukumbu itakufikisha haraka zaidi. Pili, omba jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka kabla ya kuomba udahili. Tatu, pata ruhusa ya maandishi, hata kama unasoma jioni na unajilipia ada. Nne, hakikisha programu inatambuliwa: shahada kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), astashahada na stashahada kwa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi). Shahada ya nje ya nchi ipate barua ya utambuzi ya TCU kabla ya kuipeleka kazini.

Ukihitimu, peleka cheti na matokeo masijala kwa barua, kisha omba kubadilishwa kada kwa barua ya pili. Zisiwe barua moja. Ya kwanza inasasisha taarifa zako na inapokelewa bila mjadala. Ya pili inasubiri ikama.

Jambo ambalo halisemwi mapema: kada mpya huanzia ngazi ya kuingilia. Mwandishi mwendesha ofisi mwandamizi akiwa afisa daraja la II anaweza kukuta mshahara wa cheo kipya uko chini ya aliokuwa nao. Hapo aombe kuendelea na mshahara wake kama mshahara binafsi, na barua ya kubadilishwa kada iseme hivyo waziwazi. Barua ikikaa kimya, mshahara nao utashuka kimyakimya. Piga hesabu pia ya umri. Mwenye miaka 54 anayeanza upya ngazi ya kuingilia huenda akastaafu kabla ya kufika alipokuwa amefika kwenye kada ya zamani.

6. Kukaimu na malimbikizo

Kukaimu bila barua ni kusaidia kazi. Mkuu wa kitengo kastaafu, umeambiwa "shikilia hapo kwanza", umeshikilia miaka miwili: pasipo barua ya mamlaka husika yenye tarehe ya kuanza, dai la posho halina mguu. Omba barua wiki ya kwanza. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinataka kukaimu kuwe kwa muda, miezi sita, kisha nafasi ijazwe au kibali kiombwe upya. Mwezi wa tano andika kukumbusha.

Malimbikizo hutokea pale barua inaposema daraja jipya linaanza Julai 1 na mshahara ukabadilika Machi. Namna ya kudai: chukua mshahara mpya, toa wa zamani, zidisha kwa miezi. Kwa mfano mshahara wa zamani ni shilingi 620,000 na mpya 745,000. Tofauti ni 125,000. Julai hadi Februari ni miezi 8, si 9, kwa sababu Machi umeshalipwa mpya. Jumla ni shilingi 1,000,000 kabla ya makato. Ambatisha barua ya kupandishwa, hati za mshahara za miezi yote 8 na ya mwezi wa kwanza wa mshahara mpya. Mwezi mmoja ukikosekana, fomu hurudi, nayo hurudi polepole.

7. Chama: uwe mwanachama kweli

Wanataaluma wana jumuiya zao. Waendeshaji wa vyuo vya umma Tanzania wako zaidi kwenye vyama viwili vya wafanyakazi, THTU na RAAWU.

Tazama hati yako ya mshahara. Ukiona makato ya chama, usidhani tayari wewe ni mwanachama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kufanya makubaliano na mwajiri ili wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala. Unalipa, huna kura, na siku ya shida huna mwakilishi wa chama anayewajibika kwako. Uanachama ni fomu, TUF 6, iliyosainiwa na kupokelewa. Mwajiri ana siku 30 kuanza makato tangu fomu ifike, na anapaswa kupeleka fedha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Anayetaka kutoka hutoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi.

Idadi ya wawakilishi mahali pa kazi imewekwa na sheria hiyohiyo: wanachama 1 hadi 9, mwakilishi 1; 10 hadi 20, wawakilishi 3; 21 hadi 100, wawakilishi 10; zaidi ya 100, wawakilishi 15. Wagawe kwa kada na kampasi. Tawi ambalo wawakilishi wake wote ni maafisa wa jengo la utawala halitajua kwamba walinzi wa zamu ya usiku hawajalipwa saa za ziada. Wawakilishi wana haki ya muda wa kazi wenye malipo, wa kadiri, kwa shughuli za chama. Uombe kwa dokezo kila mara ili usije ukaitwa utoro.

8. Lalamiko linapokuja mezani kwa mwakilishi

Sikiliza, kisha uliza mambo matano: nini kilitokea, tarehe gani, nani aliamua, barua iko wapi, unataka nini kifanyike. La tano huwashangaza watu. Mtu anataka "haki yangu", lakini haki hiyo ni daraja, malimbikizo, uhamisho, au kuombwa radhi? Barua isiyo na ombi moja lililo wazi hujibiwa "limepokelewa".

Panda ngazi bila kuruka: msimamizi, mkuu wa idara, Kurugenzi ya Rasilimali Watu na Utawala, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia utawala, kisha Makamu Mkuu wa Chuo. Majina ya vyeo hutofautiana kidogo chuo na chuo. Kila ngazi ipe siku 14 kwenye barua yenyewe, na siku ya 15 andika ukumbusho wenye namba ya kumbukumbu ya barua ya kwanza. Kuruka ngazi kunarudisha shauri mwanzo na kumpa msimamizi kisingizio.

Kuandika kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi kabla ya kuandika barua ni kosa ambalo limeharibu mashauri mazuri. Jina la bosi likishatupwa pale, mlalamikaji anageuka mlalamikiwa.

Shauri la nidhamu lina mwendo wake. Ukipewa hati ya mashtaka, saini kwamba umepokea na andika tarehe na saa. Kusaini kupokea si kukiri. Siku za kujibu zimetajwa humo. Jibu kila kosa peke yake kwa namba yake, ambatisha vielelezo, na usitie maneno ya kumshambulia aliyekushtaki. Mwite mwakilishi kabla ya kuandika jibu. Akiitwa siku ya kikao atakuta umeshajifunga mwenyewe kwa kalamu yako. Mbele ya kamati ya uchunguzi, omba kuwasikia mashahidi na kuwauliza maswali, na omba muhtasari uonyeshe maswali uliyokataliwa.

Uamuzi ukitoka na hukubaliani nao, rufaa kwenda Tume ya Utumishi wa Umma ina siku 45 tangu kupokea uamuzi. Hapa kuna mtego uliowanasa wengi: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hawezi kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kabla ya kumaliza njia zote za ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Ukikimbilia CMA kwanza, shauri linatupwa, na wakati linasikilizwa siku zako 45 zimekwisha.

Chuo binafsi ni tofauti. Huko unaenda CMA moja kwa moja: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Unajaza fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukichelewa unaomba msamaha wa kuchelewa kwa CMA F.2, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita. Na kabla ya hapo, kwenye kikao cha nidhamu, mwajiri anatakiwa kukupa taarifa ya walau saa 48 na kukuruhusu kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako.

Ukinukuu kifungu cha sheria kwenye barua, taja na toleo. Namba za vifungu huhama sheria zinapofanyiwa urekebu.

9. Baraza la Wafanyakazi na mkataba wa hali bora

Usilichanganye Baraza la Wafanyakazi na Baraza la Chuo. La Chuo ndilo mamlaka ya juu ya uendeshaji, na hati idhini ya chuo ndiyo inayosema wafanyakazi wanawakilishwa humo vipi. Baraza la Wafanyakazi, lenye asili katika Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970, ni mahali ambapo menejimenti na wafanyakazi wanakaa pamoja kujadili bajeti na mipango. Kazi yake ni ushauri. Kesi ya mtu mmoja haina nafasi humo. Hali inayowapata thelathini inayo. Badala ya "Bwana fulani hajapandishwa", hoja iwe: "Watumishi wa kada ya kumbukumbu waliokaa daraja moja zaidi ya miaka mitano ni wangapi, na ikama ijayo imewatengea nafasi ngapi?" Peleka hoja kwa katibu wa baraza kwa maandishi kabla ya ajenda kufungwa. Ukisimama nayo kwenye "mengineyo", watu tayari wanatazama saa na chakula.

Kikao cha bajeti ndicho chenye uzito. Wajumbe wapewe makabrasha siku kadhaa mapema, na tawi likutane jioni ya kabla kugawana nani anazungumzia nini. Muhtasari wa kikao kilichopita usomwe na penseli mkononi: maazimio mangapi yametekelezwa?

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masilahi ya wafanyakazi, unataka akili nyingine. Mishahara ya vyuo vya umma inapangwa na Serikali, kwa hiyo tawi likiingia na dai la nyongeza ya asilimia fulani linapoteza vikao. Jadilini kile ambacho chuo kinaweza kukilipa kwa mapato yake ya ndani au kukitoa bila fedha: punguzo la ada kwa watoto wa watumishi na kwa watumishi wenyewe, idadi ya nafasi za masomo kwa waendeshaji kila mwaka, usafiri wa zamu ya usiku, sare na viatu kwa walinzi na madereva, rambirambi, mkono wa kwaheri wa anayestaafu. Kila kifungu kiwe na kiasi, muda na ofisi inayotekeleza. "Mwajiri atajitahidi kuwezesha mafunzo" ni maneno matamu tu. "Kila mwaka wa fedha, watumishi waendeshaji wasiopungua 6 watalipiwa nusu ya ada" linaweza kudaiwa. Mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote mbili, na nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi.

10. Miaka mitano kabla ya kustaafu

Mwendeshaji anastaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Ile 65 ya maprofesa na wahadhiri waandamizi haimhusu, ingawa wapo wanaoipangia nyumba. Notisi ya kustaafu hutolewa miezi sita kabla.

Ukifika miaka 55 fungua PSSSF Kiganjani, huduma ya mtandaoni ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na ukague michango mwezi kwa mwezi: mwajiri asilimia 15, wewe asilimia 5. Miezi yenye mapengo iorodheshe, tafuta hati za mshahara za miezi hiyo kwenye jalada lako la nyumbani, na umwandikie mwajiri na mfuko kwa barua moja yenye nakala mbili. Waliowahi kufanya kazi kwa mwajiri mwingine, hasa wenye michango kwenye mfuko mwingine, NSSF, kabla ya kuingia chuoni, waanze kufuatilia ujumuishaji wa vipindi hivyo mapema zaidi. Barua za aina hii hutembea kwa miezi, na afisa aliyekujua jina huenda akawa amestaafu kabla yako.

Miezi mitatu ya mwisho, kabidhi ofisi kwa maandishi: vifaa, funguo, majalada, nywila, gari. Hati ya makabidhiano isainiwe na anayepokea. Bila hiyo, fomu ya kutodaiwa haitasainiwa stoo, na mafao yatasubiri kiti kimoja na kompyuta ambayo hata wewe umesahau ulikabidhiwa.